Baba mkwe anaamini mikono yake imepona

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na nakusihi usome mpaka mwisho kabla hujaniita mwongo, maana jina hilo najiita mwenyewe kila siku mchana, baba mkwe anapolala.

Nimeolewa mwaka wa sita sasa, naishi na mume wangu nyumbani kwa baba yake, ambaye alifiwa na mke kabla sijaingia katika ile familia. Baba alikuwa daktari wa meno kwa miaka thelathini na minne, tena wa kusifiwa, watu walikuwa wakisema sindano yake huisikii, mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka, kwanza wa kulia, halafu yote miwili, na siku kifaa kilipomteleza kikamchana mama mmoja mdomo akashonwa nyuzi tatu, baba alivua koti jeupe, akamwachia daktari mwenzake kliniki, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemfukuza. Hospitali walimpa vidonge, wakamwambia wazi kwamba ugonjwa wenyewe hauponi, vidonge ni vya kumsaidia aishi nao tu, na mmoja wao akamshauri atafute kazi ndogo ya vidole ya kumliwaza.

Ndivyo ndege zilivyoingia nyumbani kwetu. Nazungumzia ndege za plastiki za kuunganisha, zile zinazokuja kwenye boksi zikiwa vipande vipande vimeshikana kwenye fremu, unakata kipande kimoja kimoja kwa wembe, unakwangua, unagandisha kwa gundi, unapaka rangi, unabandika alama ndogo kama chembe ya mchele, na mwisho unapata ndege nzima, mfano wa ile inayoruka kweli, inayokaa kiganjani. Mume wangu alimnunulia moja kwa mzaha, baba akaipenda kuliko wajukuu ambao bado hatujampa. Meza yake ikahamia dirishani, taa ya kliniki ikaja, miwani ya kukuzia ikaja, na sisi tukapigwa marufuku kufagia chumba kile kabla ya yeye kukagua sakafu, kwa sababu gurudumu likianguka pale hulioni.

Sasa nikuambie kazi yangu. Mimi napaka watu rangi za kucha saluni, nachora maua, nabandika vijiwe, natumia brashi yenye nywele tatu, na nazungumza hivi bila aibu kwa sababu kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha kukaa saa nzima bila mkono kuyumba. Baba hakuipenda tangu siku ya kwanza. Hakunitukana, si mtu wa matusi, lakini siku mume wangu aliponileta aliuliza, "Kwa hiyo watu wanakupa vidole uvipake rangi, basi?" na mpaka leo wageni wakija hunitambulisha kwamba mke wa mwanangu ana shughuli zake mjini.

Yote yalianza miezi minane iliyopita, baba akiwa amelala baada ya chakula cha mchana. Niliingia kuchukua kikombe, nikaona kwenye kioo cha rubani, kile kipande cheupe kinachoonyesha ndani, amegusa na kidole chenye gundi, alama yote ya kidole iko pale, nikamhurumia, nikasema ngoja nimfutie. Nikachukua dawa yangu ya kutolea rangi ya kucha, nikagusa kidogo tu, mshauri, kioo kikageuka maziwa mbele ya macho yangu, plastiki inaliwa na ile dawa, mimi nitajuaje. Nilishikwa na woga kama mtoto. Nikakimbilia mkoba wangu wa kazi, nikatoa ile misasa ya kung'arishia kucha, yenye pande nne, nikasugua kwa upande unaokwaruza, nikasugua kwa ule laini, nikasugua tena, na kile kioo kikarudi kikawa safi kuliko kilivyotoka kwenye boksi. Nikakirudisha palepale, nikaenda saluni roho mkononi.

Jioni niliporudi baba aliniita. Nikajua nimekwisha. Kumbe ananiambia, "Njoo uone, mwanangu. Nilidhani jana nimechafua hapa. Tazama. Mkono haukutetemeka." Ungemwona uso wake, hata wewe usingemwambia.

Basi ikawa hivyo. Kila baba anapolala mchana naingia, nina kama saa moja kabla ya kwenda kazini, nanyoosha bawa kabla gundi haijakauka vizuri, nakwangua gundi iliyovuja, napaka upya mstari uliopinda, nambandika rubani aliyelala ubavu. Mwanzoni nilikuwa narekebisha kidogo tu, asigundue. Siku hizi, nisikufiche, baba anafanya vibaya zaidi na mimi nafanya vizuri zaidi, kuna ndege moja ambayo kazi ya baba pekee ni gundi ya mkia. Na yeye husimama mbele ya kabati la vioo anawaonyesha wageni, "Huu ni mkono wa mgonjwa huu?" wanatikisa vichwa, na mimi napita na sinia la chai nikisikia moyo unajaa, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika nyumba ile kinasifiwa kitu nilichokifanya mimi.

Mwezi wa tano akaacha vidonge. Vinamsumbua tumbo na kumlaza hovyo, na akapiga hesabu zake, kwamba siku ambazo hakuvinywa ndege ilitoka nzuri, kwa hiyo vidonge ndivyo vilivyokuwa vinamtetemesha. Chai sasa anajaziwa nusu kikombe na bado inafika kwenye sahani, anasema ni baridi. Daktari wake alipomuuliza mikono inaendeleaje, baba akamtolea simu yenye picha za ndege.

Halafu wiki iliyopita akaweka ile nzuri kuliko zote kwenye boksi la viatu, akaenda nayo kliniki, akaiweka mezani kwa yule daktari mwenzake. Alivyotusimulia, mwenzake alivaa miwani, akatazama mistari ya madirisha kwa dakika nzima, kisha akasema, "Kaka, mkono huu umerudi." Wamekubaliana aanze na wagonjwa wawili watatu kwa siku, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Koti limefuliwa, limepigwa pasi, linaning'inia mlangoni.

Mume wangu anajua, nilimwambia, na jibu lake ni, "Mwache mzee afurahi, akifika kule ataona mwenyewe." Ataona ndani ya mdomo wa nani, mshauri? Nimejaribu mara tatu kumwambia baba, naingia, ananivutia kiti, ananiita mwanangu, natoka nimezungumzia hali ya hewa. Nikimwambia nitamuua kwa huzuni, nisipomwambia ataumiza mtu. Nifanye nini? Unaweza kuichapisha barua hii kama ilivyo, sina haja ufiche chochote. Hata hivyo baba husoma gazeti lenu kila Jumamosi, ukurasa huu hauruki.

Mkaza mwana mwenye hofu

*

Binti, nianze na hiyo sentensi yako ya mwisho, maana ndiyo barua yenyewe. Umeniandikia kazi yake, kazi yako, boksi la viatu, miaka thelathini na minne, halafu unaniambia nichapishe kama ilivyo na kwamba mzee haruki ukurasa huu. Unataka nimwambie mimi. Unataka akae na chai yake, asome gazetini kwamba hajapona, wewe ukiwa jikoni umefungulia maji. Hapana. Barua nimeichapisha, kwa sababu umeniruhusu na kwa sababu kuna watu wengi wanaowadanganya wagonjwa wao kwa mapenzi. Lakini jibu hili nimekutumia mapema, siku ya Jumanne, kwenye namba uliyoacha chini ya barua. Gazeti linatoka Jumamosi, na keshokutwa yake ndiyo hiyo Jumatatu. Siku hizo ni zako, zitumie.

Nakuonea huruma, nisiseme uongo. Kosa la kioo lingempata yeyote. Hata siku ile alipokuita akiwa na furaha, ukanyamaza, mimi pia huenda ningenyamaza. Ila umeandika kwamba moyo ulikuwa unajaa ukipita na sinia, na hapo binti tusiite huruma. Ulikuwa na njaa ya kusifiwa na yule mzee, na umekula kwenye sahani yake miezi minane. Njaa hiyo aliileta yeye, kwa lile swali lake la vidole siku ya kwanza, na nitamlaumu kwa hilo wakati wowote. Haikupi ruhusa.

Maana angalia ulichomnyang'anya. Mgonjwa yule alikuwa na kipimo kimoja tu alichokiamini. Daktari anaweza kumtuliza, mwana anaweza kumpamba, wageni wanaweza kutikisa vichwa, lakini bawa likikaa upande, limekaa upande. Angeona mwenyewe, wiki kwa wiki, mkono unakwenda wapi, angehuzunika polepole, angekunywa vidonge vyake. Wewe ukawa unaingia mchana unakichezea kipimo. Daktari wake wa hospitali amedanganywa. Mwenzake wa kliniki amedanganywa, na huyo ningependa kumuuliza tangu lini mtu anaajiriwa kwa kuonyesha ndege ya plastiki, bila kuambiwa ashike hata kioo cha kutazamia jino, lakini hilo ni lake na mimi sina barua yake hapa. Mwenye kuumia zaidi ni yule aliyeacha kazi bila kufukuzwa na mtu, kwa kuwa aliumiza mdomo wa mama asiyemjua. Mtu kama huyo ukimrudisha kwenye kile kiti akaumiza wa pili, hatakufa kwa huzuni ya kuambiwa ukweli. Atakufa kwa hiyo nyingine.

Na mume wako asijifiche nyuma ya mgongo wako. "Ataona mwenyewe" si jibu la mtoto wa kiume mwenye baba mgonjwa. Mwambie nimesema hivyo.

Sasa fanya hivi. Ukisoma ujumbe huu, usingoje nguvu, haziji. Usimwambie mchana amechoka, mwambie asubuhi, kwenye meza yake ya dirishani, mume wako akiwepo lakini wewe ndiye unayesema. Usianze na maneno, kwa kuwa ukimwambia tu atadhani unamwonea wivu au mmepanga na watu wa hospitali. Chukua kipande cha kioo kutoka boksi lolote, kipake gundi mbele yake mpaka kichafuke, kisha toa ile misasa yako ukisugue mpaka kiwe safi, yeye akitazama. Ni mtu aliyeishi kwa mikono, ataelewa kabla hujamaliza upande wa tatu. Hapo ndipo useme, "Baba, ni mimi." Usiongeze kwamba ulikuwa unamsaidia. Usilie kabla yake.

Pengine atakufukuza chumbani. Toka, ukae sebuleni, usiende saluni siku hiyo. Pengine atavunja zile ndege, usimzuie, ni zake hata kama ni zako. Usiniandikie baadaye kuniuliza lini mtakaa meza moja mkiunganisha pamoja baba na mkwe, kwa sababu sijui, na huenda asiguse gundi tena maisha yake yote. Huenda asikuite mwanangu kwa muda mrefu sana. Hiyo ndiyo bei, na sina njia ya kukupunguzia.

Siku hiyohiyo mume wako ampeleke hospitali, na wewe uende nao, umweleze daktari zile picha zilikuwa za nani. Akikataa kwenda, nendeni ninyi wawili. Na kama mpaka Ijumaa mchana bado anasema Jumatatu yuko kazini, mpigie simu yule mwenzake, wewe mwenyewe, useme yote. Usimpe mume wako simu hiyo, atazungumzia hali ya hewa kama wewe.

Namalizia kwa mtu mwingine. Mzee wangu, shikamoo. Ikiwa umefika hapa, naamini mkweo amekwisha kukuambia na haya si mapya kwako. Ikiwa hajakuambia, nisamehe kwa kukuletea habari hii mbele ya chai yako, na hasira zako zielekeze kwangu kwanza, anwani ya gazeti iko chini ya ukurasa. Mimi sina dawa ya mkono wako, na waliokuwa wakweli kwako hospitali walikuambia nao hawana. Lakini kuna mtu ambaye jina lake limeandikwa saa tatu asubuhi kwenye daftari la kliniki, jino linamuuma tangu wiki iliyopita, na amefurahi kusikia kwamba daktari wa zamani amerudi. Rudi kwenye vidonge vyako leo. Na Jumatatu, mzee, baki nyumbani.