Usukani wa Jeconia

Ruiru, Jumapili, Agosti 1957

Aoko, usukani ulimtoka mkononi. Hapana, ngoja. Usukani ulibaki mkononi, baiskeli ndiyo iliyomtoka.

Unajua Jeconia wangu alivyohangaika mwaka mzima akiunda ile baiskeli ya mashindano. Fremu nyepesi, tairi nyembamba, kiti amekipima kwa mguu wake mwenyewe. Harbans, tajiri wake pale dukani Thika, ana ya Uingereza iliyokuja tayari imeundwa. Leo wameshindana kutoka Thika hadi hapa, wajue ipi ni bora.

Baba alisimama kwenye mstari wa mwisho. Baba yangu, Aoko! Yule anayesema hawezi kumpa fundi wa baiskeli binti yake.

Jeconia akatokea mbele, peke yake. Akamwona baba, akainua mkono kumsalimia. Usukani ukang'oka, yeye akaingia mtaroni.

Alitoka na matope mpaka masikioni, akaja kwa baba bado ameushika.

"Habari ya mchana, mzee."

"Hiyo ni nini?"

"Usukani."

"Na baiskeli?"

"Inakuja."

Haikuja. Aliyekuja ni Harbans, akavuka mstari, akashuka.

"Mzee, baiskeli yake imenishinda tangu Juja," akamwambia baba. "Nati tu hakukaza."

Baba akautazama ule usukani. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Ameanguka akinisalimia," baba akasema. "Sasa nitamkataa nikisema nini? Aje na wazee wake. Lakini aje kwa miguu."