Sufuria Mbili kwa Mafua ya Zaitun

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Manyunyu ya tangu asubuhi yameacha sasa hivi, ila mabati bado yanadondosha maji kwenye ndoo. Mke wangu amelala. Nimekwenda mlangoni kumtazama mara nne.

Mke wangu! Hii ni wiki ya sita, na bado nikiandika maneno haya mawili natabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na mwenyewe hajatokea kukidai.

Mnaonisoma hapa mnajua kwamba tangu harusi sina habari nyingine ila Zaitun. Mnisamehe, leo pia ni Zaitun. Lakini leo sikuja kumsifu tu. Nina jambo la kukiri.

Jumatatu alianza kupiga chafya. Yeye hupiga tatu tatu, ndogo ndogo, halafu anasema "alhamdulillahi" kwa sauti ya aibu, na mimi mjinga nikaona ni jambo la kupendeza sana. Jumanne mwili ulikuwa moto, pua imeziba, hata mate anameza kwa shida. Tukaenda kliniki kupima malaria. Hakuna malaria. Mafua, wakasema. Apumzike, anywe vitu vya majimaji kwa wingi, na homa isipopungua tumrudishe. Tulirudi kwetu Mvara kwa boda, yeye katikati, mimi nyuma nikimkinga upepo kwa koti langu.

Kazi yangu ni Vurra, mpakani, kuwajazia madereva wa malori karatasi za forodha. Niulize lori la mbao linahitaji mihuri mingapi, nitakujibu nikiwa nimefumba macho. Dawa ya mafua sikuijua.

Na hapo ndipo nilipodanganya.

Jumanne ile jioni Zaitun alisema, kwa sauti yake iliyoziba, "Nataka dawa ya Mama." Mama yake yuko Koboko. Akanieleza kwamba Mama huchemsha vitu, unakunywa, unajifukiza chini ya blanketi, na kesho yake unaamka mwepesi. Halafu akageukia ukutani. Sikuyaona machozi, niliyasikia.

Nikamwambia asijali, hata bibi yangu alikuwa na dawa hiyo hiyo na mimi naijua vizuri. Bibi yangu, Mungu amrehemu, mafua yetu yote aliyatibu kwa kutuambia tuache kelele tukalale.

Jana sikwenda kazini. Nilizunguka sokoni nikanunua kila kilichotajwa na kila niliyemuuliza: tangawizi, malimau, kitunguu saumu, mchaichai, karafuu, chupa ya asali yetu ya huku, na mafungu matatu ya majani ya mkaratusi ambayo muuzaji mmoja aliniambia yanafungua pua. Nikarudi jikoni, nikatia vya kila namna katika sufuria moja. Malimau na maganda yake. Asali nusu chupa. Mkaratusi fungu zima. Nikachemsha karibu saa nzima, mpaka ikawa na rangi ya oili chafu, na mimi najiona daktari.

Zaitun alikunywa. Alikunywa kikombe chote kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele yake nikisubiri sifa.

Haukupita muda akatapika kila kitu kwenye beseni, hata uji wa asubuhi. Nilimshika kichwa. Alipopata pumzi aliniambia, "Pole." Yeye, mgonjwa, ananiambia mimi pole!

Leo asubuhi nilikuwa nafagia barazani nikamsikia anaongea na mama yake kwenye simu. Habari ya kutapika hakuitaja. Alisema tu, "Mama, nimechoka. Nataka kuja nyumbani."

Ufagio ulisimama mkononi mwangu. Watu watasema nini bibi harusi akirudishwa kwao mgonjwa kabla hina haijaisha kwenye kucha? Hilo niliwaza, siwezi kukataa. Lakini si hilo lililoniuma. Mimi nilidhani nyumbani ni hapa.

Saa nne nikasikia hodi. Mama alikuwa amepanda gari la asubuhi kutoka Koboko, na mkononi ana mfuko mkubwa, mtupu, umekunjwa vizuri. Sikuhitaji kuambiwa ni wa nguo za nani.

Katika familia zetu mkwe mgeni na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawasemezani uso kwa uso. Ni heshima. Basi mimi, mwanamume mzima mwenye ndevu, niliruka uani nikaingia kwenye kibanda chetu cha jiko, nikajificha nyuma ya mabati. Kati yangu na mlango wa nyumba alibaki kuku wetu, zawadi ya harusi, ambaye hutembea pale uani kama yeye ndiye anayelipa kodi.

Punde nikasikia sauti ya Mama.

"We kuku! Uliza mutu ya jiko, hii mutoto alikunywa nini jana? Tumbo yake iko tupu kabisa."

Nilielewa kwamba Zaitun amenifichia siri. Ningeweza kusema uji, na mambo yangeishia hapo. Lakini niliona aibu kujificha nyuma ya mabati na nyuma ya mke wangu kwa wakati mmoja. Nikasema, "Kuku, mwambie Mama anisamehe." Nikataja vyote, kimoja kimoja. Maganda. Asali iliyochemka. Mkaratusi.

Kuku akadonoa kitu.

"Mukaratusi!" Mama akapiga makofi. "Ndani ya chai! Kuku, uliza yeye, mutoto yangu ni ng'ombe?"

Ndani Zaitun akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikarudi kuwa kicheko, na mimi huku jikoni nilikuwa tayari kutukanwa hadi Ijumaa ili tu niendelee kukisikia.

"Kuku, ambia yeye asikie vizuri. Sufuria iko mbili. Moja ya kunywa, moja ya pua. Hapana changanya!"

Basi nikafundishwa kupika, mwalimu simwoni, mkalimani ana mabawa. Tangawizi hapana menya, osha tu, twanga na ngozi yake. Mchaichai funga fundo. Karafuu mbili, si kiganja. Ikichemka kidogo, epua, funika. "Na asali hapana pika! Ngoja kidole yako iweze kuvumilia, ndiyo tia asali, ndiyo kamua limau." Nikitwanga polepole aliniuliza kupitia kuku kama nimelala. Nilijibu kupitia kuku kwamba sijalala.

Sufuria ya pili ilikuwa ya mkaratusi peke yake. Nilipoiepua niliibeba mpaka mlangoni, nikageuka nikatazama uani, nikaiweka chini nyuma yangu na kusogea. Nikasikia bangili za Mama, sufuria ikaondoka. Ndani alikuwa akimwambia Zaitun asiinamie karibu sana, mvuke usimchome, afumbe macho, avute kwa pua taratibu. Kupitia dirisha harufu ya mkaratusi ikanifikia, na baada yake nikasikia mke wangu akivuta pumzi ndefu kwa pua, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nililia kidogo. Naweza kusema ni moshi wa mkaa, lakini nimeshasema leo ni siku ya kukiri.

Saa saba Mama akasema, "Zaitun, panga nguo. Gari nangoja."

Nilikuwa naosha kinu. Nikaacha.

"Kuku," sauti ya Zaitun ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka, "ambia Mama mimi nabaki."

"Na nani iko ya kukupikia?"

"Huyu huyu. Kuku, ambia Mama mutu ya jiko amejifunza leo tu. Nikienda sasa, atasahau yote."

Nilihesabu matone kwenye ndoo, sijui yalifika mangapi. Halafu nikasikia mfuko unakunjuliwa.

"Kuku," Mama akasema hatimaye, "ambia mutu ya jiko, kesho mugonjwa nataka supu. Supu ya kuku."

Kuku hakumfikishia mtu ujumbe huo.

Nilimchungulia Mama akitoka getini. Mfuko haukurudi mtupu. Alikuwa ametia majani yote ya mkaratusi yaliyobaki barazani, nisije nikayarudia.

Zaitun alikunywa kikombe cha pili mbele yangu, taratibu, na safari hii alinyoosha mkono kuomba cha tatu. Jasho jema lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Nikamkaushia.

"Bibi yako hakuwa na dawa yoyote, sivyo?"

"Hakuwa."

"Siku nyingine sema tu hujui. Tutapiga simu pamoja." Akanishika kidole kimoja, akasinzia nacho.

Nawezaje kumpenda mtu kiasi hiki na bado nikaogopa kumwambia sijui? Najua tu kwamba kesho asubuhi, kabla ya kwenda Vurra, nitapita sokoni kununua kuku wa supu. Huyu wa kwetu simchinji. Zaitun ameniambia Mama atarudi Jumapili, na nina mengi ya kumwambia.