Omena Freshi Kila Siku

Alhamisi, 30 Januari 2025

Leo darasa la Becky la kuuza mtandaoni, ukumbi wa kanisa, Otonglo. Wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na simu yake, nyingine zimepasuka kioo kama yangu. Becky ni wa umri wa binti yangu lakini anafundisha bila woga. Anasema: onyesha mikono inayofanya kazi. Onyesha bidhaa inakotoka. Na mpe mteja ahadi moja fupi, isiyosahaulika.

Miaka sita nauza omena, dagaa wa ziwani, kando ya barabara kwa kopo la gorogoro. Sikujua nina kitu cha kuonyesha.

Jumamosi, 1 Februari

Usenge, kuchukua mzigo kwa Mama Dorca, anayenianikia omena. Jua la saa nne, neti zimetandazwa ufuoni, samaki zinang'aa mpaka macho yanauma. Nimerekodi mikono yake tu akizigeuza — anapitisha vidole chini, anarusha kidogo, na hakuna hata moja inayoangukia mchangani. Nimemwona akifanya hivyo mara mia. Leo ndiyo mara ya kwanza nimetazama.

Aliniuliza ni nani atakaa chini kuangalia mtu akianika samaki. Nikamwomba ageuze tena.

Nimeiweka video mtandaoni, na chini yake nimeandika: Omena freshi kutoka ziwani, kila siku.

Jumatatu, 3 Februari

Watu elfu thelathini wameiangalia video! Otonglo nzima haina watu hao, hata ukijumlisha na mbuzi. Mtu wa Voi anauliza Dorca anapaka mafuta gani mikononi. Mwanamke wa Eldoret, Bridget, anasema ameangalia mara tisa na akalia kidogo, ile ni mikono ya mamake. Nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki, magari yanapita, na simu inatetemeka kama iliyo na homa.

Na oda. Bridget. Mwalimu mmoja wa Nakuru. Halafu Calvince, mwenye hoteli Nairobi — anataka gunia zima kila wiki, kuanzia tarehe kumi na moja. Gunia zima. Nikimpata huyu, nakodisha kibanda chenye mlango na kuachana na kukimbizana na turubai kila mvua ikinyesha.

Alhamisi, 6 Februari

Nimempigia Dorca, nimejaa furaha, kumwambia habari za gunia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Nelima, wewe umeangalia juu?"

Nikatoka nje. Saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, na mwezi tayari uko pale, zaidi ya nusu.

Omena huvuliwa gizani, kwa taa. Zinafuata mwanga wa mtumbwi. Mwezi ukijaa hazina haja na taa ya mtu, na mitumbwi hupumzika karibu wiki nzima. Kila muuza omena analijua hilo, hata mimi mtu wa Bungoma, mbali na ziwa. Nililijua, na bado nikaandika kila siku, kwa sababu ilisikika vizuri. Mjinga mimi.

"Hiyo kila siku uliuliza nani?" Dorca hakuwa na hasira. Hapo ndipo aibu iliponishika.

Jumamosi, 8 Februari

Wesonga wa duka la chakula cha mifugo amekuja na suluhisho bila kuitwa. Ana omena ya kuku, iliyoanikwa mchangani bila neti. Anasema niichekeche, niichanganye na kidogo nilizobaki nazo, mtu wa Nairobi hatajua. Nilichota konzi moja. Niliporudisha, mchanga ulibaki kiganjani.

Sikumwambia hapana. Naandika hapa kwa kuwa hakuna wa kusoma — sikumwambia hapana.

Becky naye anasema mteja wa mtandaoni haambiwi hakuna. Ukimwambia, keshahamia kwa mwingine.

Jumatatu, 10 Februari

Usenge tena. Nilitaka kuona kama kuna chochote, hata debe moja. Hakuna. Mitumbwi yote imevutwa juu, taa zimepangwa mstari, hazina kazi. Kuku wanatembea juu ya neti za Dorca.

Saa kumi na moja na nusu mwezi ulikuwa umetokeza upande wa Bondo, mkubwa kama sinia. Mimi mtu mzima nikabaki kinywa wazi. Umesimamisha kazi ya ufuo mzima na haujasema neno.

Nikarekodi. Mitumbwi, neti, mwezi, halafu mikono ya Dorca imetulia mapajani. Nikasema kwa sauti yangu mwenyewe: nilikosea kuahidi kila siku, omena hungoja giza, giza likirudi nitawatumia. Anayetaka kuondoa oda aondoe, sina kinyongo. Dorca akaongeza kwa pembeni, "Ambia wao mimi pia napumzika."

Nikaituma kabla moyo haujageuka. Nikampigia Wesonga: hapana.

Mwalimu wa Nakuru ameondoa oda. Haya. Wengine wawili wameondoa. Haya.

Kisha Bridget — picha tu. Mwezi juu ya tangi la maji, Eldoret. "Nangoja nao." Dakika moja baadaye, mwingine kutoka Voi, mwezi juu ya paa la kanisa. Sasa zinakuja mfululizo, sijui hata hawa watu ni nani. Dorca ameshika simu yangu kwa mikono miwili. Anauliza kama mwezi huo ni huu huu wetu. Nimemwambia ni huu huu.

Calvince ameona. Anaandika. Ameacha. Anaandika tena —