Jembe la Posa ya Dada Sigilinda

Mjukuu wangu Tumaini,

Kamwene. Huku Iringa baridi imetubana, ila tu wazima. Babu yako bado analalamikia chumvi yangu. Umeniuliza kama wauguzi wa tamthilia yako ya vita, wanaoambiwa wachague ndoa au kazi, walikuwapo kweli. Mmoja nililala naye kitanda kimoja: dada yangu Sigilinda.

Alianza uuguzi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Miaka ya hamsini mshenga akaja na mchumba kwetu Kalenga, akaweka jembe la posa chini. Binti akiliokota, amekubali.

“Ila akiolewa, kazi ya wodini basi,” mshenga akasema.

Dada akamtazama. “Jembe nalitaka. Kazi siachi.”

Baba akajishika kichwa. Posa ilikuwa inavunjika. Mimi mmbea nilisahau hata kumeza togwa. Kwa desturi yetu mchumba hafungui mdomo siku hiyo. Huyu akaufungua: “Akiitwa usiku, nitamshikia taa njiani.”

“Faini! Mbuzi!” wazee wakafoka.

“Hata wawili, baba zangu,” mchumba akajibu.

Dada akaliokota jembe kwa mikono miwili. Mjukuu wangu, alivichukua vyote viwili, ndoa na kazi.

Anayekukumbuka kila ugali ukiiva,
Bibi