Maji ya Ngazidja Yanywewa Ziwa Nyasa

Shikamoo Bibi,

Nipo Mbamba Bay. Mvua imeosha milima yote, na usipa, dagaa wa ziwa hili, wa kukaanga nimekula mpaka naona haya. Leo mwenyeji wangu Agnes, mwalimu wa uchumi, alinikaribisha darasani. Ubaoni alichora mistari miwili: pato la Shelisheli na la Komoro ulikozaliwa, tangu uhuru hadi sasa. Wa Shelisheli unapanda kama barabara ya mlimani ya Maguu, nao wanastahili sifa. Wetu unajikokota chini. Kijana mmoja akasema, "Hawa wavivu tu, mwalimu." Uso ukaniwaka.

Imakulata, binti wa mvuvi, akanyoosha mkono. "Si wamezungukwa na maji kama sisi? Kwa nini wasimwagilie mashamba?"

Nikaomba kusema. Nikawaambia maji yale ni chumvi tupu, na kisiwa chetu cha Ngazidja hakina mto hata mmoja. Bibi yangu alikua akinywa mvua iliyokingwa kwenye birika la kuhifadhia maji, na hata kiangazi mgeni alipewa kikombe kabla ya watoto wa nyumba. Yule kijana akauliza taratibu, "Na kufua je?"

Tulipotoka walinisindikiza hadi ziwani. Imakulata alichota maji kwa kikombe, wenzake wote wakiwa na kiu, akanipa mimi kwanza.

Ni matamu na baridi, Bibi. Nimekunywa nusu yangu na nusu yako.

Mungu akutunze,
mjukuu wako Zuhura