Mafuta Yasiyobanduka

Mwanangu Edita,

Hapa Nyakahura bado najitapa nawe. Muuza dagaa akinipunja namwambia, unajua binti yangu huko chuoni anachungulia neva za ubongo kwa hadubini? Ananiongezea. Mimi wa darasa la nne nimezaa mtu wa maabara, ninyamaze?

Unakumbuka mwaka ule wakimbizi walipojaa barabarani hadi shule yenu ikafungwa? Wewe ulisukasuka kibuyu cha maziwa, mimi nikimpaka mdogo wako Danieli siagi miguuni, kama bibi zako walivyotupaka sote. Macho yalianza kumwacha, kisha miguu, kisha maneno. Majirani walisema wageni wamemroga. Na wageni haohao ndio waliotusaidia kuchimba kaburi lake.

Halafu ikaja barua yako. Niliwasomea watu wote. Kwamba ndani ya neva, protini hubandikwa kipande cha mafuta ili ishike kwenye utando wa seli ifanye kazi pale. Kikibanduliwa, inaachia na kwenda kwingine. Kwamba Danieli huenda alizaliwa bila kile kinachobandua, uchafu ukarundikana, neva zikafa.

Mimi nilisikia mafuta tu. Siku hiyohiyo nikamwaga siagi yote, nikamnyima Neema, kitinda mimba wangu, hata maziwa. Miezi mitatu, mbavu zikahesabika. Ukaniandikia, "Mama, si mafuta ya kibuyuni. Mwili wenyewe ndio unaoyabandika. Mpe mtoto maziwa." Nililia, nikampa.

Lakini barua ile ya kwanza ilikuwa na mstari niliouruka nilipowasomea watu: kwamba ugonjwa huo unaweza kurudi katika tumbo lilelile.

Jana, jua likiwa utosini, Neema alikuwa uani akichambua maharage nami. Mawe akayatia sufuriani, maharage akayatupa. Nikamkemea. Akaniambia taratibu, "Mama, twende nje, humu kuna giza."

Tulikuwa nje.

Sijamwambia mtu, karatasi hii ndiyo ya kwanza kujua. Sokoni leo nimekutaja tena, kwa sauti kubwa kuliko zamani. Uliniambia dawa bado haijapatikana, na sitakuuliza mara ya pili. Njoo tu umwone, wakati naye bado anaweza kukuona.

Ni mimi mama yako, na mama wa Neema.