Samaki Waliovunjika Mgongo

Mwembesongo, Morogoro

Mdogo wangu Hemedi,

Salamu tele. Kaka yako bahati imenipenda mpaka inanichosha! Mji huu hauna mkaanga samaki kama mimi. Watu wanashuka mlimani kutoka Kinole, wanaacha ndizi zao sokoni, wanamtaka samaki wangu changu wa kukaanga tu. Shemeji yako Shamimu kanenepa, mlango haumtoshi. Mvua zipo.

Boksi lako la samaki limefika. Nilipowapasua, uti wa mgongo ulikuwa vipande vipande, damu imejaa tumboni. Shamimu akauliza, "Baba Zulfa, hawa wamegongwa na lori?" Nikacheka.

Wavu hauvunji mgongo, Hemedi. Baruti ndiyo inavunja. Baba naye alisema analipua mara moja tu. Tulimzika bila mikono, na ule mwamba wake wa matumbawe mpaka leo hauna hata kidagaa.

Samaki wako nimewafukia nyuma ya nyumba. Acha, mdogo wangu. Mikono yako bado ninaihitaji.

Kaka yako,
Mwinshehe

Hayo ya wateja ni uongo. Kibanda nimekifunga wiki ya tatu sasa, maana maboksi yako yote yalikuwa hivyohivyo.